Jules Verne Hakupiga Ramli: Hadithi Zake Fupi na Mkono wa Mwanawe

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye simu za watu kila baada ya miezi kadhaa. Una picha ya mzee mwenye ndevu nyeupe, na chini yake maneno kwamba huyu ni Jules Verne, mwandishi Mfaransa, ambaye mwaka 1889 alitabiri simu za video, na mwaka 1895 akatabiri treni ya kupita ndani ya bomba ambayo matajiri wa leo wanaihangaikia. Mara ya mwisho niliupata kwa mjomba wangu, mtu asiyetuma jambo mpaka limemgusa. Aliongeza swali lake mwenyewe: "Hivi huyu alijuaje?"

Swali la mjomba ni zuri, na jibu lake ni refu kuliko ujumbe wenyewe. Hadithi mbili zinazotajwa pale zipo kweli, zilichapishwa kweli, na jina la Jules Verne lilikaa juu yake. Lakini moja hakuiandika yeye, na ya pili kwa sehemu kubwa iliandikwa na mtu mwingine. Zile alizoziandika kwa mkono wake, ambazo hakuna anayezituma kwenye makundi ya familia, zinasema jambo tofauti sana kuhusu sayansi. Nazipenda hadithi hizo, na inaniuma kuona zimefunikwa na sifa ya utabiri ambayo mwenyewe hakuihitaji.

Tuanze na maneno. Verne alizaliwa Nantes mwaka 1828 na kufariki Amiens mwaka 1905. Wengi wanamjua kwa riwaya, yaani vitabu virefu vya safari: chini ya bahari, kuzunguka dunia, kwenda mwezini. Hadithi fupi ni kitu kingine. Unaimaliza kwa kikao kimoja, wahusika ni wachache, na mara nyingi imejengwa juu ya wazo moja tu linalosukumwa mpaka mwisho wake.

Na hadithi ya kisayansi ni ipi? Jini akikubeba kutoka Unguja mpaka Baghdadi kwa usiku mmoja, hiyo ni hekaya. Ukibebwa na puto lililojazwa gesi nyepesi kuliko hewa, na msimulizi akakueleza gesi ile imetoka wapi na mifuko ya mchanga ya kuongeza uzito imefungwa wapi, umeingia kwenye hadithi ya kisayansi. Ajabu ipo pale pale, ila imepewa sababu inayofuata kanuni za maumbile, au walau inayojaribu kuzifuata.

Neno la tatu ni hili la kutabiri, na hapa ndipo panapozua mkanganyiko. Mwanamke wa Pemba aliyeanika karafuu uani akiona wingu jeusi linapanda, huzianua. Mvua ikinyesha, hakuna atakayesema alipiga ramli. Aliangalia juu, basi. Waandishi wa karne ya 19 nao walikuwa wakiangalia juu. Simu ilipata hataza Marekani mwaka 1876, na miaka miwili baadaye gazeti moja la vichekesho la London lilikuwa limeshachora wazazi wakizungumza na binti yao aliye mbali huku wakimwona ukutani. Mwaka 1883 Mfaransa mwingine, Albert Robida, alichora kifaa cha aina hiyo katika kitabu kizima kuhusu karne ya 20. Wingu lilikuwa angani, na kila mwenye macho aliliona.

Sasa turudi kwenye hadithi ya mwaka 1889. Ilitoka mwezi Februari katika jarida la New York liitwalo The Forum, kwa Kiingereza, lugha ambayo Verne hakuwa na uwezo wa kuitungia hadithi. Inaeleza siku moja ya mmiliki wa gazeti mnamo mwaka 2889. Gazeti lake halichapwi, linasemwa: waliolipia husikiliza habari za asubuhi kwa sauti. Bwana huyo anaongea na mkewe aliye Paris kwa chombo kinachoonyesha sura. Magari yanapita angani, mabomba yanapita chini ya bahari, na Uingereza imegeuka koloni la Marekani. Kipande ninachokipenda ni kile cha matangazo ya biashara yanayoangaziwa juu ya mawingu. Siku moja anga ni safi kabisa, mafundi wamekaa bila kazi, na bosi anawaamuru watafute namna ya kutengeneza mawingu ya bandia. Umeshawahi kuona mchoro mkali zaidi wa tamaa ya tangazo?

Katika toleo la Kifaransa lililofuata, shujaa huyo amepewa nasaba. Ni mjukuu wa vizazi vingi wa Gordon Bennett, mwanzilishi wa gazeti la New York Herald. Jina hilo halitupiti bure sisi wa pwani hii. Ni New York Herald, chini ya mwana wa Bennett huyo, lililomlipa Henry Morton Stanley avuke kutoka Bagamoyo kwenda bara kumtafuta Livingstone, aliyemkuta Ujiji mwaka 1871. Msomaji wa wakati ule alijua gazeti hilo lilikuwa tayari kutumia fedha kiasi gani ili lipate habari kabla ya wengine. Kulikuza gazeti hilo mpaka likatawala dunia kulikuwa ni kuliangalia wingu na kusema mvua yake itakuwa kubwa.

Nani aliyeangalia, basi? Wachunguzi wa kazi za Verne wanakubaliana kwamba hadithi ile kwa sehemu kubwa ni ya Michel Verne, mwana pekee wa Jules, aliyezaliwa mwaka 1861. Jules aliipokea, akaishikashika, akaisoma mwenyewe kwa Kifaransa mbele ya wasomi wenzake wa Academy ya Amiens. Kwa hiyo si wizi, wala si uongo mtupu. Ni kazi ya nyumba moja iliyotoka na saini moja, ile iliyouza.

Ile ya treni ya bomba haina utata hata huo. Michel aliitoa katika gazeti la Le Figaro mwaka 1888. Msimulizi anaingizwa ndani ya bomba la chuma linalopita chini ya Atlantiki kutoka Boston hadi Liverpool, behewa likisukumwa na hewa kwa mwendo wa kilomita 1,800 kwa saa, kisha anazinduka: kumbe alikuwa anaota. Mwaka 1895 jarida la London liitwalo The Strand Magazine liliitafsiri na kuiandikia jina la baba. Kosa hilo moja la jina ndilo linalosafiri kwenye simu zetu hadi leo. Na wazo lenyewe la kusukuma behewa kwa hewa lilikuwa limeshajaribiwa kwa chuma na matofali: London ilikuwa na njia fupi ya majaribio mwaka 1864, na New York ilikuwa na yake chini ya barabara mwaka 1870.

Nani huyu Michel? Ujana wake ulikuwa na misukosuko. Baba yake alimpeleka kwenye makazi ya kurekebisha vijana watukutu, na mwaka 1878 akampandisha meli kwenda India. Baadaye walipatana, na kijana aliyekuwa mzigo akawa msaidizi, kisha mrithi. Jules alipofariki aliacha miswada kadhaa ambayo haijachapwa. Michel aliitoa mmoja baada ya mwingine, na ulimwengu ukaipokea kama kazi ya marehemu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Mwitaliano mmoja mkusanyaji wa kumbukumbu za Verne, Piero Gondolo della Riva, aliilinganisha miswada ya asili iliyokuwa kwa warithi wa mchapishaji na vitabu vilivyochapwa. Akaonyesha kwamba Michel aliongeza sura, akabadilisha miisho, akaingiza hata wahusika.

Watu wakisikia hivyo hukimbilia kusema "basi alighushi". Mimi huwaomba wafikirie fundi wa majahazi. Baba amelaza mkuku na kupanga mataruma, kisha amefariki. Mwana anapigilia mbao, anasimamisha mlingoti, anatoboa dirisha la nyuma ambalo baba hakulitaka, halafu anaandika jina la baba ubavuni. Chombo kinaelea. Ni cha nani? Tunaojua mashairi mangapi yametundikwa kwenye jina la Fumo Liyongo hatupaswi kushangaa sana. Jina kubwa huvuta kazi za wengine kama sumaku. Cha muhimu ni kujua ubao upi umepigiliwa na nani, maana bila hivyo tunamsifu mtu kwa maneno ya mwingine, na maneno yake mwenyewe yanabaki hayajasomwa.

Basi tuyasome.

Mwaka 1851 Verne alikuwa kijana wa miaka 23 aliyepelekwa Paris kusoma sheria, akaishia kupenda tamthilia. Jarida la Musée des familles lilimchapishia hadithi ya safari ya puto, ambayo baadaye aliiita "Un drame dans les airs", yaani mkasa wa angani. Mrusha puto anajiandaa kuruka mjini Frankfurt. Abiria wake wameingiwa na woga na hawakuja. Dakika ya mwisho mtu asiyejulikana anarukia ndani ya kapu. Wanapanda, na mgeni anaanza kusimulia historia ya maputo: nani aliruka kwanza, nani alianguka, nani aliungua. Kila anaposimulia kifo kimoja anatupa mfuko mmoja wa mchanga, na puto linazidi kupanda. Ni mwendawazimu, na anataka wapande mpaka puto lipasuke.

Kwa nini lipasuke? Ukipanda basi kutoka Tanga kwenda Lushoto ukiwa na pakiti ya bisi iliyofungwa, ukifika juu utaikuta imefura kama itapasuka. Bisi hazijaongezeka. Hewa ya nje imepungua nguvu ya kuibana, na ile ya ndani inatanuka. Puto nalo hivyo hivyo, ndiyo maana huwekewa mlango mdogo wa kutolea gesi. Verne aliijua kanuni hiyo, akaifanya kamba ya kumkaba msomaji. Historia ya sayansi inayosimuliwa ndani ya kapu lile ni ya kweli na inafundisha, lakini anayeifundisha ni mtu aliyerukwa na akili, na kila somo linapunguza uhai wa mwenzake.

Puto hilo lilikuja kufika kwetu. Mwaka 1863 Verne alitoa riwaya yake ya kwanza iliyompa jina, "Cinq semaines en ballon", majuma matano angani, na puto lake linaondokea Zanzibar. Linapita juu ya Uzaramo, linashuka Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, na linavuka ziwa Nyanza. Verne hakuwahi kukanyaga huku. Alitegemea taarifa za Burton na Speke, wasafiri Waingereza waliopita Kazeh mwaka 1857, na amewachora Wanyamwezi kwa dharau ya wakati wake, watu wanaodhani puto ni mwezi ulioshuka. Kipande hicho kinakera na hakina cha kutetewa. Ukikiweka kando ya hadithi ya mwaka 1851 utaona kilichobadilika: puto ni lile lile, ila mwendawazimu ameondolewa, na kapuni amekaa daktari Mwingereza anayejua kila kitu.

Mabadiliko hayo yalikuwa na mtu wake. Mwaka 1862 Verne alikutana na mchapishaji Pierre-Jules Hetzel, aliyetaka vitabu vya kufundisha na kuburudisha familia, na aliyeanzisha jarida la kazi hiyo hiyo mwaka 1864. Hetzel alikuwa mchapishaji hodari na mwenye mkono mzito. Verne alipomletea riwaya ya huzuni kuhusu Paris ya karne ya 20, aliikataa. Mswada ule ulikaa ndani ya sefu ya familia na haukuchapwa hadi mwaka 1994. Kwa hiyo ukisikia kwamba Verne alikuwa mshangiliaji wa mashine, jua kwamba sehemu ya shangwe ile ilikuwa ni masharti ya kazi. Kwenye hadithi fupi, nyingi zikiwa zimetoka nje ya jarida la Hetzel, alipumua.

Hakuna inayoonyesha hivyo kuliko "Maître Zacharius" ya mwaka 1854. Zacharius ni fundi saa wa Geneva, mzee, hodari kuliko wote. Katika hadithi, yeye ndiye aliyegundua kizuizi cha saa. Hicho ni kile kipande kidogo kinachouachia mzunguko wa meno upite jino moja moja, badala ya springi kufyatuka kwa mkupuo. Mlio wa tik-tik unaousikia ni wa kipande hicho kikifunga na kufungua. Bila yake saa si saa, ni springi tu inayojifungua.

Siku moja saa alizouza zinaanza kusimama. Moja, mbili, kumi. Wateja wanarudi wakilalamika. Anazifungua, hazina ubovu wowote. Na kila saa inaposimama, afya ya mzee inashuka, maana amejiaminisha kwamba roho yake ameigawa ndani ya saa zile. Kiburi chake kinatisha: anadai yeye ndiye aliyeupangia wakati utaratibu, na akifa yeye wakati nao utakufa. Anatokea kizee cha ajabu, Pittonaccio, chenye uso kama uso wa saa, kinataka kumwoa bintiye Gérande. Mzee anaifuata saa yake ya mwisho ambayo bado inatembea mpaka kwenye ngome ya mbali milimani. Juu ya saa hiyo kunatokea maandishi kila saa inapogonga. Zamani yalikuwa mawaidha ya dini. Sasa yamegeuka, yanamwambia mwanadamu ale matunda ya elimu na kujilinganisha na Mungu. Saa sita usiku springi inafyatuka, inarukaruka ukumbini, na mzee anaanguka akiikimbilia.

Je, hii ni hadithi ya kisayansi au ya kishetani? Wahakiki wanabishana. Mimi naiona kama zote mbili, na ndiyo sababu inanikaa moyoni. Kifaa kimeelezwa kwa usahihi wa fundi, na hofu imeelezwa kwa lugha ya kanisa. Swali lililo katikati tunalo hata leo: mtu akitengeneza kitu kinachofanya kazi vizuri kuliko yeye, anabaki nani? Verne aliliuliza akiwa na miaka 26.

Ya tatu ni ya vicheko, "Une fantaisie du docteur Ox", iliyotoka mwaka 1872 katika jarida lile lile la Musée des familles. Mji wa kubuni wa Quiquendone, huko Flanders, una watu 2,393, na wote wamepoa kama uji uliolala. Uchumba huchukua miaka 10. Meya van Tricasse na mshauri wake Niklausse huona kwamba uamuzi bora ni ule usiofanywa. Opera, yaani mchezo wa jukwaani unaoimbwa, huenda kwa mwendo wa kobe, kiasi kwamba kitendo kimoja, yaani sehemu moja ya mchezo, kinaweza kuchukua saa 6.

Anakuja Daktari Ox na msaidizi wake Ygène. Unganisha majina hayo mawili kwa Kifaransa upate oksijeni. Anajitolea kuuwekea mji taa za gesi bila malipo, na mabomba yanalazwa kila nyumba. Muda si muda wanandoa wanagombana, madaktari wanatukanana, mbwa wanauma. Ukumbini, kitendo kile cha saa 6 kinamalizika kwa dakika 18. Mboga bustanini zinanenepa kupita kiasi na kunyauka upesi. Mwishowe mji unajiandaa kwa vita na majirani wa Virgamen kwa sababu ya ng'ombe aliyekula majani yasiyo yake karne nyingi zilizopita.

Kumbe mabomba yalikuwa yakimwaga oksijeni tupu, na mji mzima ulikuwa panya wa majaribio bila kuulizwa. Kuna kipande kimoja ambacho nikikisoma hucheka peke yangu. Meya na mshauri, wakiwa wameshikana mashati, wanapanda juu ya mnara kuangalia uwanja wa vita. Kadiri wanavyopanda wanapoa, na kileleni wanaombana radhi. Wanapoanza kushuka, ngazi kwa ngazi, hasira inarudi, na chini wanafika wakitukanana. Oksijeni ni nzito kidogo kuliko hewa ya kawaida, ndiyo maana Verne ameilaza chini kama maji kwenye beseni.

Je, ni kweli oksijeni hufanya hivyo? Hapa nisaidie kuondoa dhana mbili. Hewa tunayovuta ina oksijeni kama asilimia 21, na nyingi iliyobaki ni naitrojeni. Mgonjwa akiwekewa oksijeni hospitalini haamki kupigana ngumi. Anapewa kile alichopungukiwa. Na gesi hiyo ikimwagwa mjini isingekaa chini. Ingechanganyika na upepo. Dhana ya pili ni kwamba oksijeni inalipuka. Angalia jiko la mkaa na kipepeo. Kipepeo hakiungui, kinafanya mkaa uungue upesi. Oksijeni ni kipepeo hicho, ndiyo maana karibu na mitungi yake huruhusiwi kuwasha hata kiberiti. Verne mwenyewe hakukosea hapo. Katika hadithi, Ox anaipata kwa kuyatenganisha maji kwa umeme, oksijeni kwenye tangi lake na haidrojeni kwenye lake. Matangi mawili yanapopata njia ya kukutana ndipo kiwanda kinaporuka, na Quiquendone inarudia usingizi wake.

Swali analoliacha ni zito kwa hadithi ya kuchekesha: je, ushujaa, kipaji na hasira zetu ni gesi tu? Msimulizi anakataa kukubali. Lakini ameshatuonyesha mji mzima ukikubali vita kwa sababu ya kitu ulichokivuta bila kukiona. Mwaka 1877 mtunzi wa muziki Offenbach aliigeuza kuwa mchezo wa nyimbo jukwaani Paris.

Nyingine nitazipitia haraka. Tarehe 12 Desemba 1875 Verne aliwasomea wana-Academy wa Amiens maono ya mji wao mwaka 2000, ambapo daktari hulipwa mtu akiwa mzima na malipo hukoma akiugua. Kati ya kazi zake fupi, hayo ndiyo maono ya siku zijazo yasiyo na shaka kuhusu nani aliyeyaandika, na yameandikwa kama kumtania jirani. "Frritt-Flacc" ya mwaka 1884 si ya kisayansi hasa, ila usiiruke. Daktari bahili anakataa kumtibu maskini mpaka alipwe, anaenda usiku wa dhoruba, na kitandani anamkuta mgonjwa ni yeye mwenyewe.

Inabaki ile ngumu kuliko zote. "L'Éternel Adam", Adamu wa milele, ilitoka mwaka 1910, miaka 5 baada ya kifo cha Jules. Katika zama za mbali sana mwanachuoni aitwaye Sofr anaamini kwamba binadamu hupanda daima, kizazi hata kizazi, bila kurudi nyuma. Anachimba ardhi na kupata kifaa kilichofungwa, ndani yake shajara kwa lugha asiyoijua. Anaisoma kwa miaka. Kumbe ni Kifaransa, kilichoandikwa na mtu wa zama zetu aliyeona bahari ikimeza nchi zote. Wachache waliokolewa na meli, wakafika ardhi mpya iliyoibuka majini, na watoto wao wakasahau kusoma, kisha kuvaa, kisha karibu wasahau kusema. Ustaarabu wa Sofr umetokana na hao. Ule wa mwandishi wa shajara nao ulikuja baada ya mwingine uliozama.

Jahazi hili lina mbao za nani? Wengi walioichunguza wanaona mkono wa Michel ndio mkubwa, na kiasi cha Jules kilichomo ndicho wanachobishania. Michel alipoitia kwenye kitabu cha hadithi fupi za baba yake mwaka huo huo wa 1910, aliweka maelezo mafupi yenye herufi zake, M.J.V. Aliwaambia wasomaji kwamba hii iliandikwa na Jules katika miaka yake ya mwisho, na kwamba huzuni yake ni kinyume na matumaini yaliyojaa katika vitabu vyake vingine.

Kutoka hapo dunia ilijifunza kusema kwamba Verne alianza na furaha akamaliza na majonzi. Vitabu vya shule vinasema hivyo, na tovuti zinanakili. Lakini kabla ya maelezo yale ya Michel kwa miaka 59, kijana wa miaka 23 alikuwa ameshamweka mwendawazimu ndani ya kapu la puto, na miaka mitatu baadaye akamfuatisha fundi saa wa Geneva anayekimbilia springi yake sakafuni. Mjomba nimemtumia hiyo ya fundi saa. Anasema amefika pale saa zinapoanza kusimama.